Shaka ni ya mshtakiwa: kwa nini tribinali inamuachilia mtu ambaye mtaa mzima unasema ana kosa

Mjini Kindu, mtu akitoka gereza kuu na kurudi nyumbani, neno la kwanza mtaani ni karibu lilelile: "Alilipa." Wengine wanaongeza: "Ametoka, njo kusema kuna kitu alitoa kwa mazuzi." Ni wachache wanaouliza hukumu iliandikwa namna gani. Familia iliyofiwa au iliyoibiwa inabaki na uchungu wake, na saa nyingine vijana wa avenyu wanaamua kumaliza kesi wenyewe, kwa mawe na mafuta.

Rushwa katika sheria ya Kongo iko, na hakuna faida ya kuificha. Lakini si kila anayeachiliwa alilipa. Kuna kanuni moja ambayo mahakimu wanalazimika kuifuata, na ambayo avoka huirudia kila siku kwa Kifaransa mbele ya watu wasiosikia Kifaransa: le doute profite à l'accusé. Kwa Kiswahili chetu: kama shaka inabaki, shaka hiyo ni ya kumsaidia mshtakiwa.

Msingi wake uko katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17. Kila mtu anayeshtakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho iseme kwamba analo. Kifungu hichohicho kinasema uhuru ndiyo kawaida, kufungwa ni jambo la pembeni, na kwamba hakuna mtu anayeweza kufuatwa, kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa la mtu mwingine. Hii ya mwisho inafaa kusomwa mara mbili, sababu bado kuna makomisaria ambako mama anafungwa kwenye kasho mpaka mtoto wake aliyekimbia ajitokeze.

Kutoka hapo inafuata kazi ya kila mmoja. Mwenye kusema "huyu ameua" ndiye mwenye kuleta ushahidi. Kwa kesi za jinai huyo ni parke, yaani mwendesha mashtaka wa serikali. Mshtakiwa hana lazima ya kuonyesha kwamba ni mtu safi. Anaweza hata kunyamaza. Parke ikishindwa kujaza mizani, mtu anatoka, hata kama mahakimu wenyewe moyoni wanamdhania.

Shaka gani sasa? Si kila shaka. Tuseme pikipiki imeibwa usiku karibu na kivuko, upande wa Alunguli. Shahidi mmoja anasema aliona kijana fulani akiisukuma saa tano za usiku. Taa hakuna, mwezi hakuna, shahidi alikuwa mbali, lakini anasema alimtambua kwa namna anavyotembea. Siku ya pili kijana anakutwa na kioo cha ile pikipiki. Yeye anasema alikinunua sokoni.

Avoka anaweza kusema: labda pikipiki ilichukuliwa na jini. Hiyo si shaka, ni maneno. Hakuna hakimu anayelazimika kuipokea, kwa sababu kila kesi duniani ingekwisha hivyo. Lakini kama muuzaji wa sokoni anapatikana, anakuja mbele ya tribinali na kusema "ndiyo, mimi nilimuuzia, na mimi nilikitoa kwa mtu mwingine", hapo kuna maelezo mengine yanayosimama juu ya miguu yake. Shahidi wa usiku pekee hawezi tena kubeba kesi. Na kama kijana anabadilisha hadithi mara tatu, leo sokoni, kesho kwa rafiki, kesho kutwa alikiokota, na hakuna hata mmoja anayemuunga mkono, shaka inapungua kila anapofungua mdomo.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawaijui. Mahakimu wanaweza kuona kwamba wizi haukuthibitika, lakini kijana alipokea kitu akijua ni cha wizi. Hilo ni kosa lingine. Kwa hiyo kusikia "tribinali imekataa wizi" hakumaanishi moja kwa moja kwamba mtu ameenda nyumbani.

Kwetu ni mahakimu wenyewe wanaopima haya yote. Tribinali kubwa ya Kindu, ile inayohukumu makosa yenye adhabu ya kupita miaka 5 au ya kifo, inakaa na mahakimu 3. Hakuna raia wa kawaida wanaoitwa kutoka Kasuku au Mikelenge kuja kuamua kama jirani yao ana kosa. Lakini nchi nyingi zinafanya hivyo. Watu wanachaguliwa kwa kura, mwalimu, fundi, muuza samaki, wanakaa mbele ya kesi na wanaamua. Wanaitwa juri. Ubelgiji, ambayo ilituletea sehemu kubwa ya sheria zetu, ina juri ya watu 12 kwa makosa makubwa, ila haikuileta huku. Mwaka 2001 raia 12 wa Brussels walikaa karibu miezi miwili wakisikiliza kesi ya Wanyarwanda wanne juu ya mauaji ya 1994 kule Butare, na wote wanne walihukumiwa.

Sasa, muuza samaki atajuaje kupima shaka? Hapo ndipo inakuja kazi ya hakimu kuelekeza juri kabla haijaingia ndani kujadiliana. Na neno moja baya katika maelekezo hayo linaweza kumtundika mtu.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Uingereza, ya kijana wa shamba mwenye miaka 21, Reginald Woolmington. Desemba 1934 bunduki yake ilimuua mke wake. Yeye alisema ilikuwa bahati mbaya: alitaka kumtisha kwamba atajiua mwenyewe, bunduki ikalia. Hakimu akaiambia juri kwamba, kwa kuwa ni yeye aliyeua, ni yeye wa kuwaridhisha kwamba ilikuwa bahati mbaya. Juri ikamuona na kosa, akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikafuta hukumu yote. Ilisema hakimu aligeuza mzigo: si mshtakiwa wa kuthibitisha bahati mbaya, ni mshtaki wa kuthibitisha kusudi, na kama shaka inabaki baada ya kusikia wote, mtu anatoka. Kanuni hiyo iliingia Kenya, Uganda na Tanzania kwa njia ya ukoloni wa Waingereza. Ndiyo maana katika habari za mahakama za Nairobi au Dar es Salaam kunasikika "bila kuacha shaka". Tanzania hawakutumia juri bali wazee wa baraza, raia wanaomshauri jaji bila kumfunga mikono. Kenya nayo ilikuwa na washauri wa namna hiyo, ikawaondoa mwaka 2007.

Marekani wamegombana sana juu ya maneno yenyewe. Mwaka 1990 mahakama yao kuu ilivunja hukumu ya jimbo la Louisiana kwa sababu juri iliambiwa kwamba shaka inayotosha ni ile kubwa na nzito. Maelekezo hayo yalipandisha shaka juu mno: mtu mwenye shaka ya kawaida lakini ya kweli angejiona hana haki ya kusema hapana. Waingereza wa siku hizi wamechoka na mabishano, wanaambia juri tu: muwe na hakika.

Kwa Wafaransa njia ni nyingine. Kwao raia wanakaa pamoja na mahakimu, na kabla ya kujadiliana wanasomewa maandishi ambayo pia yanabandikwa kwa herufi kubwa ndani ya chumba. Yanawaomba wajiulize, kimya na kwa dhamiri, ushahidi umewagusa vipi, na kama wanayo imani ya ndani. Imani ya ndani ndiyo njia ya Kongo pia. Sheria haimwambii hakimu kwamba mashahidi wawili ni lazima na mmoja hafai. Shahidi mmoja mwenye kusadikika anaweza kutosha, na mashahidi kumi waliofundishwa maneno wanaweza kukataliwa. Hata kukiri kwa mshtakiwa hakumfungi hakimu. PV ambayo mtu aliitia sahihi komisaria usiku, bila avoka, na ambayo anaikana mbele ya tribinali, inabidi ipimwe na mambo mengine. Na kama maneno yalitoka kwa kupigwa, mwenye kupiga ndiye mwenye kesi: sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 inaadhibu mateso.

Imani ya ndani isichukuliwe kama ruhusa ya hakimu kuhukumu kwa kumtazama mtu usoni. Kifungu cha 21 cha Katiba kinataka kila hukumu iandikwe, itoe sababu, na isomwe mbele ya watu. Sababu ndizo zinazoonyesha kama shaka ilipimwa au ilirukwa. Hukumu inayosema tu "kosa limethibitika" bila kueleza kwa ushahidi gani, avoka wa Kindu anajua pa kuipeleka: Korti ya rufaa iko mjini hapahapa.

Mtu wa mashariki anayetaka kuona shaka ikifanya kazi peupe atazame The Hague. Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, unasema wazi katika kifungu cha 66 kwamba mzigo ni wa mwendesha mashtaka na kwamba mahakimu lazima wasadiki bila shaka yenye msingi. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, Ituri, kilishambuliwa na raia wengi wakauawa. Mathieu Ngudjolo, aliyekuwa muuguzi kabla ya vita, alipelekwa The Hague Februari 2008 kama mmoja wa wakubwa wa shambulio hilo. Tarehe 18 Desemba 2012 akaachiliwa. Mashahidi watatu wakubwa wa mashtaka walionekana hawaaminiki juu ya jambo moja: kama kweli yeye alikuwa akiongoza wapiganaji siku ile. Mahakimu waliwakosoa pia wapelelezi kwa kutopita mapema sehemu zenyewe, kuona nani anaweza kuona nini kutoka wapi.

Halafu mahakimu walieleza jambo ambalo lingefaa kurudiwa kwenye kila radio. Kusema mtu hakuthibitika kuwa na kosa si kusema kwamba yaliyotokea hayakutokea, wala si lazima kusema kwamba mtu huyo ni safi. Bogoro ilichomwa. Watu walikufa. Kilichokosekana ni kamba ya kufunga vifo vile na mtu yule. Rufaa ilithibitisha kuachiliwa kwake tarehe 27 Februari 2015. Germain Katanga, waliyeanza naye kesi moja, alihukumiwa Machi 2014 na kupata miaka 12, kwa shambulio lilelile. Kila mmoja alipimwa kwa ushahidi unaomhusu yeye.

Jean-Pierre Bemba ni mfano mgumu zaidi. Miaka 18 ya kifungo mwaka 2016 kwa makosa ya askari wake Afrika ya Kati, na tarehe 8 Juni 2018 akaachiliwa kwenye rufaa kwa kura za mahakimu 3 dhidi ya 2, baada ya miaka karibu 10 ndani. Mahakimu waliosoma dosie moja hawakukubaliana. Familia za Bangui waliona wametupwa, na ni vigumu kuwaambia kitu.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Minova. Novemba 2012 askari wa serikali waliokimbia Goma walifika pale, na wanawake wengi sana walibakwa. Kesi ilifanyika mbele ya korti ya kijeshi ya operesheni ya Kivu ya Kaskazini. Wanawake walikuja kutoa ushahidi wakiwa wamefunika nyuso. Washtakiwa walikuwa 39. Tarehe 5 Mei 2014 wawili tu walipatikana na kosa la ubakaji. Korti haikusema kwamba wanawake walidanganya. Tatizo lilikuwa kwamba ushahidi ulionyesha mateso lakini mara nyingi haukuonyesha ni nani hasa, askari gani, wa kikosi gani, chini ya amri ya nani. Usiku, wanaume wenye mavazi yaleyale, hofu. Je, hilo ni kosa la kanuni ya shaka? Hapana. Ni upelelezi uliokwenda haraka na ukakamata waliokuwa karibu. Kumfunga askari namba 17 kwa sababu wenzake walibaka kusingempa mama yeyote wa Minova haki, na wabakaji wenyewe wangebaki nje.

Kavumu, Kivu ya Kusini, ilikuwa njia nyingine. Watoto wa kike wadogo kabisa walikuwa wakichukuliwa usiku na kubakwa kwa miaka kadhaa. Madaktari waliweka kumbukumbu za kila mtoto, familia na mashirika yakashikilia kwamba dosie moja moja ziunganishwe kuwa kesi moja, na tarehe 13 Desemba 2017 korti ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, pamoja na mbunge wa jimbo Frédéric Batumike. Watoto wale wasingeweza wenyewe kusema jina la mtu. Kazi ya wengine ndiyo iliyojaza mahali ambapo shaka ingekaa.

Katika korti hizi za kijeshi, kwa njia, ndimo Kongo inakaribia juri kidogo. Wanakaa watano, na baadhi si mamajistra wa kazi bali maofisa wa jeshi au polisi walioapishwa kwa ajili ya kesi. Yule ofisa ambaye hajasomea sheria anahitaji kuelezwa shaka ni nini kama vile muuza samaki wa Brussels anavyohitaji. Na pale adhabu ni nzito kuliko pote. Serikali iliondoa Machi 2024 kizuizi cha kutekeleza hukumu za kifo kilichokuwepo tangu 2003. Septemba mwaka huohuo, Kinshasa, kesi ya jaribio la mapinduzi la tarehe 19 Mei ilitoa hukumu za kifo 37, na watu 14 wakaachiliwa. Raia wa kawaida pia wanaguswa: wizi wa kutumia silaha unaweza kuadhibiwa kifo. Kosa la hakimu juu ya kifungo linaweza kusahihishwa. Juu ya kifo, hakuna anayerudishwa.

Linabaki swali la wengi: kama shaka inamsaidia mshtakiwa, kwa nini mtu anakaa miezi gerezani kabla ya kuhukumiwa? Kwa sababu ngazi si moja. Polisi anaweza kumshika mtu kwa muda usiopita saa 48, na ni lazima aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoisikia. Majistra wa parke akitaka aendelee kufungwa, anahitaji dalili nzito za kosa, si ushahidi kamili, na lazima ampeleke mbele ya hakimu. Hakimu anaweza kuruhusu siku 15, halafu mwezi mmoja, na tena mwezi, kwa mipaka ambayo sheria imeweka. Hakika kamili inadaiwa siku ya hukumu tu. Kwa hiyo mtu anaweza kufungwa kihalali Januari na kuachiliwa kihalali Agosti kwa dosie ileile. Shida ya kwetu ni pale saa 48 zinapogeuka wiki 3, na hakuna karatasi yoyote inayoandikwa.

Kwa familia ya aliyeumizwa, kazi ya kuzuia shaka inaanza siku ya kwanza. Nguo zisifuliwe. Mahali pasisafishwe kabla OPJ hajafika. Kwa ubakaji, daktari kwanza, na karatasi yake ihifadhiwe. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inataka upelelezi wa polisi uishe ndani ya mwezi 1 na kesi yote ndani ya miezi 3. Shahidi aseme alichoona kwa macho yake na aache yale aliyosikia sokoni, maana avoka wa upande wa pili atayakuta hayo kwanza na kuyatumia kuangusha mengine yote. Kabla ya kutia sahihi au kidole kwenye PV, kila mtu ana haki ya kuomba isomwe tena kwa Kiswahili na kusahihishwa. Tofauti ndogo kati ya PV na maneno ya mbele ya tribinali, saa mbili hapa na saa nne pale, zimeangusha kesi zilizokuwa za kweli.

Asiye na pesa ya avoka, awe mshtakiwa au aliyeumizwa, anaweza kuomba ofisi ya mashauri ya bure ya baro, ile inayoitwa BCG. Na yule anayeona hukumu haikupima vizuri ana siku 10 za kukata rufaa, kuhesabu kutoka hukumu iliposomwa, au ilipofikishwa kwake kama hakuwepo. Parke nayo inaweza kukata rufaa dhidi ya kuachiliwa. Upande wa raia, yaani familia iliyojiunga na kesi kudai fidia, inaweza kurudi kwa ajili ya fidia yake tu. Siku hizo 10 hazisubiri mtu apate nauli ya kutoka Kibombo au Punia, kwa hiyo anayeishi mbali afadhali amuache mtu Kindu siku hukumu inaposomwa.